Barua Mbili za Kafui Senaya

Jumatatu, 17 Januari 1994. Harmatani, upepo mkavu wa jangwani, imekaza, midomo inapasuka, na vumbi limejaa hadi kwenye vitufe vya mashine za taipu.

Enyonam Dogbey alikuwa amepiga chapa barua za idara yetu ya kilimo, hapa mjini Ho, Ghana, kwa miaka ishirini na miwili. Mimi nilitunza majalada chumba cha pili; yeye aliniita Efo, yaani kaka, nasi tulimwita Daavi, dada. Ukuta kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya, na mchana alikula akple, ugali wetu wa mahindi na muhogo, kwa mchuzi wa bamia kila siku isipokuwa Ijumaa, siku aliyofunga.

Idara ilikuwa na majalada mawili ya barua za mfano za kumpendekeza mtu kazini: la buluu kwa wanaume, la waridi kwa wanawake. Kwenye la buluu mtu anafikiri kwa kina, anavumbua, anaongoza. Kwenye la waridi ni mchangamfu, mavazi yake ya heshima, na watoto hawamzuii kufika kazini. Kila mkuu wa idara alikuwa akibadilisha jina tu.

"Linanuka," Enyonam aliniambia siku moja, akilishika lile la waridi kwa vidole viwili. "Kama samaki aliyesahauliwa kabatini."

Asubuhi ya Jumatatu hiyo Dk. Agbodza, mkuu mwenye miezi mitatu tu hapa, alisaini barua ya Kafui Senaya, aliyeomba kuongoza kituo kipya cha mbegu za muhogo. Mkuu alikuwa amesoma ripoti ya Kafui, akaisifu mpaka nikazisikia sifa kupitia ukutani, akaagiza jalada la buluu. Kwetu Kafui ni jina la mwanamume na la mwanamke pia. Hakuuliza.

Saa sita Kafui akaja mwenyewe kushukuru, koti lake la maabara lina madoa ya utomvu. Alipoondoka, mkuu akamwita Enyonam.

"Daavi, kumbe ni mwanamke! Mbona hukuniambia?"

"Uliniomba ripoti, Daktari. Nikakuletea ripoti."

"Ichane ile barua. Tumia la waridi. Andika pia ana mtoto mchanga."

"Kwani ripoti imebadilika tangu asubuhi?"

"Usinifundishe kazi, dada yangu. Watajuaje kama mumewe anamruhusu?"

"Ile barua ya Bwana Selorm majuzi, tuliandika kwamba mkewe anamruhusu?"

Mkuu akacheka kama aliyesikia mzaha wa chooni. "Ukiendelea hivyo tutakuchagua mbunge! Piga chapa."

Enyonam akapiga. Alipofika kwenye mstari wa tabasamu mashine ikanyamaza. Akatoka, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi kumalizia. Kisha akaniletea.

"Soma, Efo. Lakini usile kwanza."

Nilisoma. Miaka sita ya kazi ya muhogo haikupata hata mstari. Kulikuwa na tabasamu, unyenyekevu, mtoto na mume. Maombi ya kazi hiyo yangefungwa Ijumaa hiyo. Kwa barua ile Kafui angebaki kumhesabia mwingine miche. Nikakumbuka kwamba barua kama hizo nimezipanga kabatini kwa mkono wangu, mwaka baada ya mwaka, bila kusema neno.

Mkuu akaenda nyumbani bila kuisaini. Ile ya kwanza, yenye saini na mhuri, ilikuwa bado kwenye trei.

"Alisema uichane," nikamwambia.

"Nilimsikia."

"Atakufukuza, Daavi."

"Anifukuze. Lakini barua ya kunipendekeza kwingine asiniandikie yeye."

Kesho yake Enyonam alikuwa mlangoni pa posta kabla hawajafungua, akaituma ile ya kwanza kwa rejista. Akaja ofisini, akaweka mezani pa mkuu stakabadhi ya posta, barua ya pili isiyosainiwa, na jalada la waridi juu yake.

"Uliyoiamini ndiyo iliyokwenda," alimwambia. "Hii ukiitaka, Daktari, ipige chapa mwenyewe."

Kisha akakaa, akafuta vumbi kwenye vitufe, akaanza kupiga chapa kumbukumbu za kikao cha Jumatatu.