Tulivyoonja Malori ya Chumvi

Siku ya kwanza kazini nilipewa ovaroli ya mtu mnene kuliko mimi, brashi ya waya, na amri ya kulala chali chini ya lori. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, hapa Johannesburg, na sakafu ya karakana ilikuwa baridi kiasi kwamba mgongo ulikufa ganzi kabla sijagusa chuma. Mpira wa maji ulikuwa umeganda. Tukaumwagia maji ya birika ili ulegee, na chai ya saa nne ikatupita hivyo hivyo.

Nilikuwa nimetoka Kigoma miezi michache tu, nimepanga chumba mtaa wa La Rochelle, na nilichokijua kuhusu malori ni kwamba yakipita unasogea pembeni. Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mna mashine za maji ya moto na vijikaratasi vya kupimia chumvi. Siwaonei wivu. Au tuseme nawaonea kidogo, hasa nikiukumbuka mgongo wangu.

Malori yetu yalibeba chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi, huko magharibi kwenye nchi kavu, na kuileta mjini viwandani. Mgeni wa kazi hudhani kwamba chumvi inaanza kula chuma palepale inapomwagika. Sivyo. Chumvi kavu inangoja maji. Na kipupwe cha Johannesburg hakina mvua hata tone. Mbingu ni samawati kutwa, vumbi linaruka, na chumvi imelala ndani ya fremu miezi mitatu, minne, bila dalili yoyote. Mwenye gari anaona mambo shwari. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa kumi, ndipo chuma kinapoanza kuliwa. Kwa hiyo sisi tulifanya kazi kama wehu katika miezi ambayo hakuna aliyeona haja ya kazi yetu.

Fremu ya lori ni kama ngazi iliyolazwa: mihimili miwili mirefu, na vipande vya kukatisha katikati. Chumvi hupenda pale chuma kinapokutana na chuma, na zaidi ya yote kwenye vishikio vya springi, ambavyo ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Tulianza kwa nyundo ndogo, tukigonga na kusikiliza. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinaguna. Kisha tuliosha, tukaacha upepo mkavu ukaushe, tukasugua kutu kwa brashi, tukapaka praima, rangi ya kutangulia, palipobaki wazi. Ndani ya mihimili tulipuliza mafuta ya sufu ya kondoo kwa mrija mrefu. Yanalinda chuma vizuri sana, ila yananuka kondoo aliyenyeshewa, na mke wangu kila kipupwe alinihamishia godoro karibu na mlango. Mwisho wa yote ilikuja rangi nyeusi nzito tuliyoiita koti. Kabla ya kupuliza koti tuliziba matundu ya kutolea maji kwa vijiti vya kiberiti, na baada ya hapo tukavichomoa kimoja kimoja, kwa sababu fremu isiyo na pa kutolea maji inaoza kwa ndani.

Aliyenifundisha haya alikuwa Fundi Mkuu, Mkongomani wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa breki. Siku ile ya kwanza nilimwuliza lini nitashika bunduki ya kupulizia rangi. Akanitazama kwa huruma.

"Papa, hii kazi haiko ya kupaka," alisema. "Iko ya kuosha. Kupaka, kila mutu anaweza. Ukipaka juu ya chumvi, umefungia mwizi mu nyumba, na ufunguo umemwachia yeye."

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Alipitisha kidole kwenye kona ya kishikio cha springi, pale nilipokuwa nimetoka kuosha, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Bado inasema," akaniambia. "Osha tena."

Niliosha tena. Akaonja. Bado inasema. Mara ya tatu akaitikia kwa kichwa taratibu na kusema, "Imenyamaza." Hilo ndilo lilikuwa neno letu. Katika karakana ile hakuna aliyegusa bunduki ya rangi kabla mtu hajaonja na kulitamka. Anayeosha ndiye anayeonja, na anayeonja ndiye anayejibu. Meneja wa Karakana, ambaye alitembea na kalamu sikioni na hakupenda mambo yasiyoandikika, alitufumbia macho, maana malori yetu hayakuoza.

Nilikaa kwenye mpira wa maji vipupwe vitatu, kwenye brashi viwili, kisha nikapewa bunduki ya rangi. Nilivimba kichwa, sitaficha. Wakati huo nilikuwa nimeshapata rafiki, Kabwe, dereva wa lori namba saba. Yeye ni wa Kalemie, mimi wa Kigoma. Tulikulia ng'ambo mbili za ziwa moja bila kujuana, tukaja kukutana huku ambako ziwa hakuna. Akiingia getini alipiga honi mara mbili, na karakana nzima ilijua kwamba hiyo ni yangu. Lori namba saba nililiosha mimi na kulipaka mimi.

Halafu Ramadhani ikaangukia kipupwe.

Nilikuwa nimefunga, siku fupi, baridi kali, na saumu haikuwa nzito. Shida ilikuwa ulimi. Niliosha lori la Kabwe mara mbili, nikainua kidole, nikakumbuka kwamba nimefunga. Ningeweza kumwita mwenzangu yeyote Mkristo aniazime ulimi wake. Sikumwita. Niliona aibu kwamba mimi, fundi wa bunduki, niombe msaada wa kuonja. Nikatazama chuma, nikaona kinang'aa, nikaridhika na macho.

Fundi Mkuu alipita, akainama. "Imenyamaza?"

"Imenyamaza," nikajibu.

Nikapaka koti. Niliulinda ulimi wangu usiguse chumvi, nikauruhusu useme uongo, na jioni nikafuturu kwa tende kama mtu aliyeimaliza siku yake vizuri. Naona haya hadi leo kuandika hivyo.

Baada ya Idi nilikwenda mtaa wa Mayfair kuswali Ijumaa, nikamwuliza sheikh mmoja, kijuujuu tu, kama mtu anayeulizia jambo la jirani. Akasema mtu akiwa na haja ya kikazi, akaonja kwa ncha ya ulimi na kutema bila kumeza, saumu yake ipo. Kumbe nilichokuwa nikikikwepa kiliruhusiwa, na nilichokifanya hakikuruhusiwa mwezi wowote.

Ningesema siku ile ile. Sikusema. Nilijiambia kwamba huenda lori lilikuwa safi. Kipupwe kilichofuata niliosha juu ya koti, nikaonja, kimya; bila shaka kimya, chumvi ilikuwa ndani ya koti. Kabwe aliendelea kupiga honi mara mbili. Kila aliponiaga kwenda kupakia, nilimtazama akikanyaga ngazi ya kichwa cha lori, nikawaza mteremko mrefu anaoushuka na mzigo ule mgongoni, na vishikio vile chini yake.

Mvua za pili zilipoanza, nilikuwa nikipita kando ya lori namba saba wakati Kabwe anawasha injini aondoke. Nikaona koti limevimba kwenye kishikio cha nyuma, kilengelenge kidogo tu. Nikakitoboa kwa bisibisi. Likatoka tone la maji ya kahawia. Nililionja nikiwa nimechuchumaa, na nilijua kabla halijafika ulimini.

Nilisimama mbele ya lori nikainua mikono. Kabwe akatoa kichwa dirishani.

"Eish, kaka, unataka nikukanyage?"

"Zima gari," nikamwambia. "Zima, halafu umwite Fundi Mkuu. Nina jambo, na nataka mlisikie wote wawili."

Niliwaeleza pale pale, injini ikiwa bado inatoa joto. Fundi Mkuu alichukua nyundo yake ndogo, akaingia chini, akagonga kishikio. Hakikulia. Hakikuguna. Nyundo ilipita upande wa pili.

Kabwe aliinama akalitazama lile tundu.

"Mvua mbili," alisema. "Mvua mbili mimi napanda na kushuka juu ya hii, na wewe ulikuwa unanipungia mukono."

Meneja alituita ofisini. Akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba mtu anayedanganya chini ya gari hastahili kufanya kazi chini ya gari, na kwamba nikusanye vitu vyangu. Fundi Mkuu akavua miwani.

"Amedanganya, ni kweli," alisema. "Na amejisema yeye mwenyewe. Huyu namujua sasa. Yule ambaye hajajisema bado, utanionesha nani?"

Sikufukuzwa. Nilinyang'anywa bunduki ya rangi na kurudishwa kwenye mpira wa maji, pamoja na vijana walioanza kazi mwaka ule. Niliona ni haki. Kilichoniuma ni geti. Lori namba saba liliingia na kutoka miezi mingi bila honi.

Ramadhani iliyofuata nilikuwa chini ya lori lile lile, nimemaliza kuosha, natafuta wa kuonja. Ruhusa ya sheikh nilikuwa nayo, lakini sikuuamini tena ulimi wangu. Nikasikia mtu anakohoa na kujiburuta sakafuni. Ni Kabwe, na sweta lake la safari.

"Sogea," akasema. Akapitisha kidole kwenye kishikio kipya, akaonja, akatema pembeni. "Bado inasema."

Niliosha tena. Aliningoja hapo hapo chini, mabega yamelowa. Akaonja mara ya pili.

"Imenyamaza. Mwambie mwenye rangi apake."

Kuanzia hapo, kila Ramadhani iliyoangukia kipupwe, Kabwe alikuja kuonja. Bunduki nilirudishiwa baadaye, na Fundi Mkuu alipostaafu nilipewa miwani yake na cheo cha mkaguzi wa fremu. Miwani haikunifaa hata kidogo, lakini niliivaa. Niliwafundisha wengi kuonja, mpaka vilipokuja vile vijikaratasi, na Meneja mpya akapiga marufuku ulimi. Alikuwa sahihi, kwa afya. Kazi ikawa safi zaidi, na karakana ikapungua mazungumzo.

Sasa tumestaafu wote. Mgongo wangu unanieleza hali ya hewa kabla ya redio. Kabwe anaishi mtaa wa Bertrams, na presha imempanda hadi daktari amemkataza chumvi kabisa. Mimi naliona jambo hilo la kuchekesha kuliko anavyoliona yeye. Mkewe anapika vyungu viwili vya sombe, yaani kisamvu, kimoja cha nyumba nzima na kimoja cha Kabwe, na vinafanana. Wajukuu wanavichanganya. Kabwe mwenyewe nadhani anavichanganya kwa makusudi.

Jumapili iliyopita niliwatembelea walipotoka kanisani. Mama Kabwe akaweka bakuli mbele ya mumewe, kisha akasita. "Shemeji," akaniambia, "mimi siamini tena ni chungu gani. Angalia kwanza."

Nikachovya ncha ya kidole pembeni mwa bakuli, nikaonja.

"Imenyamaza," nikamwambia Kabwe. "Kula."

Kijiko chake kilikuwa kimeshainuka, akakizuia hewani. "Kweli?" akauliza.

Alikuwa anacheka, lakini aliuliza. Nikaonja tena.