Herufi Mbili Mbele ya Sahihi

Siku hizo Kolwezi tuliogopa neno moja dogo: kwenu. Mtu akikuuliza "Kwenu ni wapi?", hakuwa anakusalimu. Watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi ya mgodi, walianza kuitwa bilulu, yaani wadudu, na waliowaita hivyo walikuwa wamekaa nao benchi moja kanisani. Mimi si Mkasai. Lakini mama wa mke wangu alizaliwa huko, na katika kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi wapo waliolijua hilo.

Nilikuwa sekretere wa wasapota wa timu yetu, kwa sababu nilimaliza sekondari na niliweza kusoma barua za Kifaransa. Timu iliishi kwa kontra, mkataba wake na kampuni ya mgodi. Jezi, mipira, lori la kutupeleka Mutoshi au Fungurume, hata ruhusa ya wachezaji kutoka kazini mapema, vyote vilitoka huko. Mgodi ulipoanza kufa tulijua kontra nayo itakufa. Hatukujua itakufa kwa mkono wa nani.

Barua ililetwa Jumamosi asubuhi. Mistari mitano tu: kampuni inavunja kontra. Chini palikuwa na cheo cha mkurugenzi, kisha herufi mbili ndogo, p.o., kisha sahihi na jina la jirani yangu.

Aliyefanya kazi ofisini anazijua herufi hizo. Maana yake ni kwamba mkubwa hayupo, karani ametia sahihi kwa amri yake. Mkono ni wa karani, neno ni la mkubwa.

Jirani yangu alikuwa Mkasai, karani, mzaliwa wa kambi hiyohiyo kama mimi. Kati ya nyumba zetu palikuwa na ua wa miti tu. Siku ya mechi alipiga kelele mpaka sauti ikapotea, na mpaka Jumanne alikuwa akizungumza kwa kunong'ona. Kabla ya adhuhuri alikuja uani, akasimama upande wake.

"Tata, barua ilifika?" aliuliza, akiniita baba kwa heshima.

"Ilifika."

"Shefu alikuwa anaenda safari. Aliniambia, sinya jina yako, tuma. Ningefanya nini? Kesho ukisomea bantu ile barua, anza na zile herufi mbili. Baelewe kama si mi. Niko na batoto, tata."

"Usiogope. Nitabaeleza."

Nilisema kwa moyo wote. Usiku huo nililala vizuri.

Jumapili baada ya misa uwanja wa mpira ulijaa. Nilisimama juu ya kreti ya bia, nikasoma mstari kwa mstari na kutafsiri. Kisha mtu akapaza sauti, "Sasa Mutoshi tutaenda na miguu?"

"Na ile tumbo yako," mwingine akamjibu, "utafika Noeli!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani imekwisha. Nilianza kuikunja barua. Ndipo kiongozi wa wapiga ngoma wetu, kijana mwenye shingo nene, akaja mpaka miguuni pangu.

"Sekretere, nani alisinya?"

"Mkurugenzi."

"Onyesha."

"Ni Kifaransa."

"Jina haina Kifaransa. Unaficha nini? Ao unaficha bandugu ya bibi yako?"

Hakupiga kelele. Alilisema polepole, na waliokuwa karibu wakageuka kunitazama usoni. Kichwani nilimwona mke wangu akiwa nyumbani anatwanga, hajui lolote. Nikaifungua tena, nikamwinamia aione, na nikalitaja jina. Jina peke yake. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya zile herufi mbili, na sikukiondoa.

"Kilulu njo aliua timu!"

Waliondoka wakiimba wimbo wetu wa ushindi, uleule tulioimba pamoja naye. Niliwafuata kwa mbali. Sijui kwa nini. Sikuwa na nia ya kuwazuia, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mawe yalianza kulia juu ya bati la nyumba yake. Mke wa jirani na watoto walipenya kwenye ua wakaingia upande wetu, na mke wangu, aliyekuwa na sababu kubwa ya kuogopa kuliko mimi, akawafungulia mlango wa jikoni. Jirani mwenyewe alikimbilia nyuma ya nyumba, damu sikioni. Mimi nilibaki barabarani, katikati ya wasapota, nikitazama wakitoa viti vyake.

Kesho yake jirani na familia yake walikwenda stesheni. Maelfu walikuwa pale, wamelala kwenye saruji wakingoja treni ya Kasai. Baada ya wiki moja mke wangu aliniwekea mfuko wa unga mkononi. "Peleka wewe," alisema.

Nilimkuta jirani ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Alipokea unga akampa mkewe, ambaye hakuniangalia.

"Ulibaeleza zile herufi?" aliniuliza.

"Nilisahau."

"Wewe haukusahau hata koma, tata."

Mtoto wake mdogo alikohoa, naye akamfunika kwa koti lake. Kisha akauliza, "Na mechi ya Mutoshi? Tulicheza?"

Alisema *tulicheza*.

"Hatukucheza. Lori hakuna."

"Basi hatukufungwa," alisema, akatabasamu kidogo na upande mmoja wa mdomo, ule ambao haukuwa umevimba.

Nilitaka kutabasamu naye. Lakini nilikuwa nimegeuza kichwa kutazama mlangoni mwa stesheni, kwa mara ya tatu, nijue ni nani anayeniona nikizungumza naye.