Wakwe Kutoka Ng'ambo ya Kagera

Aminieli ni mtu wa kushukuru. Hushukuru kabla ya uji na baada ya uji. Akikata mkungu wa ndizi hushukuru, akimaliza kukamua ng'ombe hushukuru, na majirani wa Marangu wanaopita kando ya kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, humtania.

"Meku, mzee wetu, leo tumeshukuru nini tena?"

"Miguu," huwajibu. "Ipo yote miwili."

Wazee wa rika lake hawacheki sana wakisikia jibu hilo, maana wanajua alikotoka. Mwaka 1978, jeshi la Idi Amin lilipovuka mpaka na kuishika ardhi ya Tanzania hadi mto Kagera, Aminieli alikuwa mgambo, kijana wa miaka ishirini na miwili. Katika mikutano ya chama aliimba nyimbo za ukombozi wa Afrika kwa sauti kuliko wote, na aliamini kila neno. Redio ilipotangaza vita hakungoja kuitwa. Alipanda lori pale Himo pamoja na Jacob, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Miezi michache baadaye, katika kinamasi cha Lukaya ndani ya Uganda, makombora yaliwaangukia. Jacob akabaki kulekule.

Aminieli alirudi, akaoa, akapanda kahawa, akapata watoto wanne. Aliyahesabu yote hayo kuwa zawadi. Lakini habari za vita hazikuwahi kuzungumzwa mezani pake.

Gladness ndiye kitindamimba wake. Ana duka la dawa Njoro, mjini Moshi, na ni hukohuko alikokutana na Candia, fundi magari kutoka Arua, Uganda. Aminieli alipoletewa kijana huyo kumwona, alimpenda. Alipenda jinsi alivyoinama kutoa shikamoo, na jinsi alivyoikunja mikono ya shati bila kuombwa, akaitengeneza mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kuwa Mganda hakukumsumbua mzee. Siku ya posa ikapangwa. Kisha, wiki ileile ya posa, Gladness alipiga simu.

"Baba, afadhali ulisikie kwangu. Baba yake Candia alikuwa askari. Askari wa Amin."

Aminieli alikiweka chini kikombe cha uji.

"Haloo? Baba?"

"Nimesikia."

"Na bado waje?"

"Waje. Si wameshakata tiketi?"

Moyoni, hata hivyo, alikuwa ameshaamua. Angewapokea wageni, angewalisha, halafu mwishoni angetamka maneno ambayo kila mtu huyaelewa: tumewasikia, tutawajulisha. Na asingewajulisha kamwe. Alimweleza mkewe, Theodora, peke yake.

"Siwezi kula na watu waliomuua Jacob."

"Sawa," alisema Theodora. "Na Gladness utamweka wapi?"

Swali hilo alitembea nalo hadi Jumamosi, siku ya posa.

Wageni walifika asubuhi, wakitanguliwa na mshenga wao, Rajendra, mwenye gereji anakofanya kazi Candia. Familia yake imefanya biashara Moshi tangu enzi za Waingereza, naye alisalimia kwa Kichagga cha sokoni kilichowafanya akina mama washike mbavu.

"Mhindi analeta posa ya Mganda kwa Mchagga!" alisema Theodora. "Hii ni harusi au Umoja wa Mataifa?"

"Mama, Umoja wa Mataifa hawana ndizi nzuri kama zako," alijibu Rajendra.

Nyuma yake alitembea mzee mrefu aliyechechemea kidogo. Huyo ndiye baba yake Candia, Mzee Adriko. Kwa mikono yote miwili alikuwa ameshika jani la isale.

Kicheko kilikatika. Isale ni mmea ambao Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba na makaburini, na jani lake ndilo huchukuliwa na mtu anapokwenda kuomba msamaha wa kosa zito. Aliyekosewa akiletewa isale hana njia ya kukataa. Na katika siku ya posa, kosa zito ambalo kila mtu hulifikiria ni moja tu. Theodora alimshika binti yake mkono, akamvuta jikoni. Dirisha lilikuwa wazi.

"Gladness, niambie ukweli. Mwezi wa ngapi?"

"Mwezi wa ngapi wa nini, mama?"

"Usinifanye mtoto! Watu hawabebi isale bure!"

"Mama, jamani, sina kitu! Nikapime mbele yako? Vipimo vimejaa dukani kwangu!"

Uani, Rajendra alikohoa kuficha kicheko. Candia alitazama viatu vyake. Mzee Adriko ndiye aliyepaza sauti kuelekea dirishani.

"Mama, mtoto yako hana kosa. Kijana yangu pia hana. Hii isale ni ya mimi. Nilimuuliza Candia, watu ya mlima wanaomba musamaha namna gani, akanieleza."

Kisha alimgeukia Aminieli.

"Mimi nilikuwa askari ya Amin. Nilivuka mpaka. Wakubwa walituambia ile ardhi mpaka mto ni yetu, ati Wazungu walikata vibaya. Nikaamini. Nilikuwa kijana, ningejua nini?"

Aminieli alisogea amsikie vizuri. Kiswahili kile alikifahamu. Alikisikia kwa mateka wa jeshi la Amin, kule Masaka, Uganda, na siku ile kilimshangaza, maana mateka walielewa kila amri ya sajenti wake bila mkalimani. Ni Waingereza waliokitumia kuwafundisha askari wa nchi zote mbili, wakawaachia wote amri zilezile na gwaride lilelile. Mpaka wenyewe ulichorwa na Wajerumani na Waingereza juu ya karatasi, mstari ulionyooka usiofuata mto wala kilima. Waliouchora walikufa vitandani kwao. Mtu mwingine mwenye uchu wa ukubwa akataka kuusogeza, na waliotumwa ni kijana wa Arua na kijana wa Marangu, kila mmoja na nyimbo zake.

"Ulikuwepo Lukaya?" aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Rafiki yangu alibaki pale. Aliitwa Jacob."

Mzee Adriko alitikisa kichwa taratibu. "Ndugu yangu mkubwa alibaki pale pia. Hatukumuzika. Nani alipiga, wewe ama mwingine, sijui. Sikuja kuuliza."

Aminieli aliketi. Miaka yote hiyo alikuwa akimshukuru Mungu kwa kurudi nyumbani, na hakuwahi kujiuliza ni nani hakurudi kwa sababu yake. Huko Arua palikuwa na mama aliyesubiri, kama mama yake Jacob alivyosubiri.

Bado angeweza kukwepa. Isale ni la jirani aliyesogeza mpaka, ni la mwana aliyemtukana baba. Hakuna mila iliyosema lolote kuhusu vita vya serikali mbili.

"Mzee Adriko," alisema hatimaye, "isale hupokewa na aliyekosewa. Nyumba mlizochoma na ng'ombe mliowapora kwa watu wa Kagera havikuwa vyangu."

"Kwa watu ya Kagera nitaenda. Nimeanza na wewe kwa sababu kwako nataka binti."

"Sasa huyo ndiye mfanyabiashara!" alisema Rajendra, na uani kote watu wakacheka. Aminieli alijizuia, akashindwa, akacheka naye. Kifua kikawa chepesi ghafla, kama mtu aliyetua mzigo wa majani.

Alisimama, akalipokea jani kwa mikono yote miwili. Halafu, badala ya kuketi, alishuka hadi ukingoni mwa kihamba, akakata jani jingine la isale, akarudi nalo. Theodora na Gladness walikuwa wametoka jikoni, wamesimama mlangoni.

"Hili ni la kaka yako," alimwambia mgeni. "Aliitwa nani?"

"Onzima."

"Lipokee kwa niaba ya Onzima."

Mzee Adriko alilipokea, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Haya," alisema Aminieli, "harusi mnataka lini?"

Gladness alipiga kelele kama mtoto, akajifunika uso kwa kitenge cha mama yake.

"Na nyinyi Arua mtakuja?" aliuliza Mzee Adriko.

"Mara ya kwanza nilikuja kwenu kwa miguu na bunduki begani. Safari hii nitapanda basi, na mke wangu pembeni."

Chakula kikaletwa. Kwa kawaida mwenye nyumba ndiye huomba, lakini Aminieli alimwomba mgeni wake aombe. Mzee Adriko aliomba kwa Kilugbara, lugha ya kwao Arua. Isipokuwa Candia, hakuna aliyeelewa, ingawa majina mawili, Jacob na Onzima, yalisikika waziwazi, nayo yakasemwa zaidi ya mara moja. Ilikuwa sala ndefu. Machalari ya ndizi na nyama yakaanza kupoa, Rajendra akafumbua jicho moja, akalifumba tena. Aminieli hakufumbua macho mpaka mwisho, na Amina yake ilisikika hadi kwa majirani.

"Haya, jamani, kuleni," alisema Theodora. "Na huyu wangu asianze kushukuru upya, ndizi zitaganda."