Mishono Nyuma ya Mchoro Mkubwa

Mama mkwe wangu, Tak Geum-rye, alishuka jiji la bandari la Busan kutoka kijijini Hapcheon akiwa na miaka kumi na sita. Alipata kazi katika kiwanda cha raba kule Sasang, akakaa mbele ya cherehani miaka thelathini na mitatu akiunga vipande vya juu vya viatu. Raba zake zilifika ng'ambo. Yeye alifika kiwandani na kurudi nyumbani, basi. Kiwanda kilipohamishiwa nchi nyingine alikuwa tayari mjane, na kwa miaka mingi alikaa kwetu akipalilia maboga kwenye ndoo za plastiki juu ya paa.

Aliyemtoa ndani ni Gu Mal-sim. Huyu walikuwa wakishona naye kiwandani, cherehani kwa cherehani, na ana mdomo ambao hata mashine mia mbili hazikuweza kuuzima. Alhamisi moja alikuja na kofia yake ya jua akasimama mlangoni, hakutaka hata kuketi.

"Dada, utaota ukungu humu. Vaa viatu twende. Wazee hatulipi treni, na wewe umekaa unatazamana na maboga."

"Twende wapi?"

"Hekaluni, baharini. Usiniulize mengi, nimeshafunga chakula."

Walikwenda lile hekalu la Gijang, ambalo nyumba zake zimekaa juu ya mwamba na mawimbi yanapasukia chini yake. Mal-sim alinisimulia kwamba mama mkwe alifika kwenye daraja la mawe, akashika ukingo, akanyamaza. Watu walipita na kurudi. Wali wao ukapoa. Mwishowe akauliza, "Hili lipo tangu lini?"

"Tangu zamani, dada. Kabla ya mabibi zetu."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa Sasang tunashona," Mal-sim akajibu, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Siku ile alirudi amenuna, akaosha vyombo kwa kuvigonga. Nilipomuuliza ana nini, alisema, "Ni saa moja tu kutoka hapa, mama Ara. Kila siku yale maji yanapiga pale, na mimi sikujua. Hakuna aliyenificha. Sikujua tu."

Nilidhani hatakwenda tena. Alhamisi iliyofuata, kabla Mal-sim hajagonga mlango, alikuwa amekwisha kuvaa. Wakaenda msitu wa mianzi, ambako alilala chali kwenye benchi akitazama vilele vinavyoyumba mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaumwa. Wakaenda makaburi ya wafalme wa kale juu ya kilima cha Bokcheon. Wakaenda bustani za watu waliokufa zamani, zenye bwawa dogo na msonobari mmoja uliopinda, na kila mahali alikuwa mtu wa kunyamaza kwanza. Mal-sim alilalamika kwamba anatembea na jiwe.

"Jiwe angalau halina njaa," mama mkwe akamjibu. "Fungua chakula."

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha tukasikia kwamba hekalu moja dogo mlimani Geumjeong litautoa nje mchoro wake mkubwa wa Buddha. Ni mchoro wa kitambaa, mrefu kuliko paa la hekalu lenyewe, umri wake karibu miaka mia tatu, nao hukaa umekunjwa ndani ya sanduku refu nyuma ya sanamu. Ulikuwa haujaona jua kwa miaka kumi na tatu. Niliomba ruhusa kazini nikawapeleka mwenyewe kwa gari, kwa sababu magoti ya Mal-sim yalikuwa yameanza kumsumbua.

Tulifika asubuhi, umande bado uko kwenye taa za karatasi zilizotundikwa uani. Wanaume zaidi ya ishirini walilitoa lile sanduku mabegani, wakitembea kwa hatua fupi, mtawa mmoja akiwaongoza kwa kengele ya mkononi. Wakaufunga mchoro kwenye milingoti miwili, wakaanza kuvuta kamba. Kwanza ulitokea mduara wa kijani kuzunguka kichwa, kisha paji la uso, kisha macho. Watu uani walikuwa wakiongea. Yale macho yalipopanda juu ya vichwa vyetu, uwanja mzima ulitulia, hata watoto. Mavazi mekundu yakaendelea kufunguka, mikono, magoti, miguu juu ya maua, mpaka ikabidi uinue shingo kabisa ili uone alikoanzia. Mama mkwe alikuwa amefumbata mikono kifuani.

Ndipo upepo ukashuka kutoka mlimani. Mchoro ulijaa kama tanga, milingoti ikalia, na mtawa mwanamke wa makamo aliyesimamia kazi ile, anaitwa Beop-un, akapaza sauti: "Walio karibu, shikeni kamba za chini. Msiguse kitambaa, shikeni kamba tu."

Waliokuwa karibu zaidi tulikuwa sisi. Mama mkwe, mwenye miaka sabini na moja, alikimbia. Alipita chini kwa upande, akaishika kamba ya nyuma kwa mikono miwili, akakaa nayo chini kama mtu anayemzuia ng'ombe. Mimi na Mal-sim tukashika naye. Tukabaki hivyo mpaka upepo ukatulia.

Nilikuwa wa kwanza kuachia. Mama mkwe hakuachia. Alikuwa ameinua uso, anatazama upande wa nyuma wa mchoro, ambao haukuwa na kitu ila kitambaa kikuukuu cha rangi ya chai. Jua lilikuwa linapiga mbele, na huku nyuma mwanga ulipenya kidogo, mishono ikaonekana kama mistari myeusi, kutoka juu mpaka chini.

"Mal-sim," akasema polepole. "Hesabu vipande."

Mal-sim alihesabu kwa kidole. "Kumi na sita. Kumi na saba."

"Vimeungwa kwa mkono. Tazama mshono ulivyonyooka. Mita kumi, kwa mkono." Akasogea. "Mshono huu na huu ni mtu mmoja. Ule pale ni mwingine, anavuta uzi sana. Na huyu hapa alikosea, akafumua, akarudia. Unaona matundu?"

"Naona, dada." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mal-sim hakuwa na la kuongeza.

Mtawa Beop-un alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mama, unasema wapi alikosea?"

Mama mkwe aliinuka haraka na kuinamisha kichwa. "Samahani, mwalimu. Mimi ni mshona viatu tu."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Mtawa alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kitambaa. "Nimeutunza mchoro huu miaka ishirini na sita," akasema. "Huku nyuma nilikuwa natazama kama kuna ukungu na panya."

"Majina yao yameandikwa?" mama mkwe akauliza.

Mtawa akatupeleka mbele, kwenye maandishi madogo ya pembeni chini, akatusomea: waliochora, aliyetoa rangi, aliyetoa kitambaa, aliyetoa mchele wa kuwalisha wachoraji. Akafika mwisho. "Washonaji hawamo."

"Ndiyo, hawawezi kuwamo," mama mkwe akasema. Hakusema kwa uchungu. Alirudi nyuma ya mchoro, akaweka mikono pamoja, akasujudu mara tatu kwenye changarawe, kule ambako hakukuwa na uso wa Buddha wala uvumba. Beop-un alimtazama, akavua viatu, akasujudu kando yake. Wanawake wa jikoni walioona wakaja kuuliza kuna nini, na Mal-sim, ambaye ulimi wake ulikuwa umerudi, akawaeleza kama vile ameshona yeye. Kufikia saa sita mchana kulikuwa na foleni ndefu ya watu wanaosubiri kuona upande wa nyuma.

Tulikula wali na mboga za mlimani hapo hapo hekaluni. Mama mkwe alikula mabakuli mawili. Kwenye gari, wakati Mal-sim anakoroma kiti cha nyuma, aliniambia, "Yule aliyefumua alikuwa mgeni kazini. Mtu mzoefu angeacha, nani angeona kule nyuma? Lakini alirudia mshono wote, mama Ara, kutoka juu."

"Labda msimamizi alimlazimisha," nikasema.

Alitazama mto Suyeong tuliokuwa tunauvuka. "Labda," akasema. "Lakini mkono wake haukuwa na hasira."