Sita wa Lori Moja

Watu walimwita Mama Funguo kwa sababu ya rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, likilia kila alikopita. Ukweli ni kwamba funguo mbili tu ndizo zilizokuwa na kazi: ya lango la makaburi ya askari na ya kibanda cha zana. Zilizobaki hakuna aliyejua ni za wapi. Akiulizwa alijibu, "Hizo ni za kufungia midomo ya wambeya."

Kazi aliirithi kwa baba yake, mchimba kaburi wa serikali. Alifagia, alikata majani, alipaka mawe chokaa. Mawe yenyewe ni mafupi, hayana jina, yana namba tu. Majina yamo kwenye kitabu kilichotunzwa kibandani. Kila jiwe lilipata chokaa mara mbili, si moja wala tatu, aliyelala awe kapteni au mpishi wa kambi. Mkubwa mmoja wa jeshi aliwahi kumwomba amzidishie ndugu yake mara moja tu. Mama Funguo alimpa brashi akamwambia aanze na mengine mia mbili kwanza, ili pasiwe na upendeleo.

Dini mbili zimelala mle. Tusizitaje; ukizitaja tu, wapo watakaoanza kuhesabu vichwa, na ugonjwa wenyewe ndio huo.

Kisha ukaja uchaguzi, na chama kilichoshinda kilishinda kwa maneno matamu: kwamba taifa hili lina dini yake, na anayesali kwingine ni mgeni, basi akae kwa adabu ya mgeni. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi juzi wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Mama Funguo alikuwa wa dini hiyohiyo ya wanaojiita wenye nchi, na hakukosa ibada hata akiwa na homa. Lakini siku kiongozi wa ibada alipompisha Mwenyekiti wa halmashauri asimame mbele ahutubie, mama huyu aliinuka, akakung'uta nguo yake, akatoka. Funguo zilisikika mpaka mlangoni.

Mwenyekiti alifika makaburini Jumatatu asubuhi, na barua yenye muhuri, na fundi mwashi aliyeshika futi ya kupimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alimwita mwanangu kwa haki. Baba wa Mwenyekiti ni namba kumi na nne, safu ya mbele. Aliuawa vitani miaka arobaini na miwili iliyopita, mtoto akiwa bado tumboni.

"Mama, sikukuu ya taifa mwaka huu tunaifanyia hapa. Safu ya mbele tunataka mashujaa wetu, kila mmoja na alama ya dini juu ya jiwe lake. Wale wengine tutawahamishia kule nyuma, kwenye ukuta wa choo. Kwa heshima zote, lakini."

"Heshima ya chooni?"

Fundi mwashi alikohoa, akaanza kukagua viatu vyake.

"Mama, wewe si mwenzetu? Nipe kitabu tu. Mawe hayasemi nani ni nani."

"Kwenye ibada mimi ni mwenzenu. Humu ndani ni mtumishi wa hawa, na hawajaniambia wanataka kuhama."

"Hii nyumba ya mlinzi unayokaa, kuna watu wengi wanaitaka."

"Waje. Waambie tu bati linavuja upande wa jikoni."

Mwenyekiti akacheka kwa meno tu, akaondoka. Nakala ya kitabu ilikuwepo makao makuu ya jeshi, akaipata bila shida. Jumanne fundi mwashi akarudi na kopo la rangi nyekundu, akachora alama kwenye namba kumi na mbili na namba kumi na tano. Hao ndio wa kuhamishwa, na kazi ikapangwa iwe Alhamisi.

Hapo ndipo moyo wa Mama Funguo ulipoingia moto, maana kulikuwa na jambo ambalo halikuwemo kitabuni wala makao makuu. Waliolijua walishakufa wote, akabaki yeye.

Namba kumi na moja mpaka kumi na sita walikuwa askari wa lori moja lililopigwa kombora mpakani. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akimchotea baba yake maji ya kazi, na aliona kilicholetwa. Hawakuwa watu sita. Vilikuwa vipande, vimefungwa pamoja ndani ya turubai moja, na hakuna daktari wala mama mzazi ambaye angeweza kuvitenganisha. Afisa alisema, "Mzee, nataka makaburi sita. Familia sita zinangoja." Mzee akagawa. Aligawa kwa haki, machozi yakimtiririka kidevuni, kila sanduku likapata sehemu yake, asijue ya nani. Viongozi wa dini zote mbili walikuwepo. Kila mmoja aliyaombea masanduku yote sita, kisha wakashikana mikono wakaondoka. Mzee akamwapisha binti yake: "Wake zao wasijue. Kila mmoja aachiwe jiwe lake la kulilia."

Na aliyelia zaidi ya wote alikuwa mama yake Mwenyekiti. Kila wiki alikuja na kitambaa kibichi, akalifuta jiwe namba kumi na nne, akalisimulia habari za nyumbani: mjukuu ameota jino, paa limerekebishwa, mwanao amepata cheo. Baadaye alikunywa chai na Mama Funguo kibandani. Wamezeeka hivyo, wawili hao, kama dada wa tumbo moja.

Kwa hiyo Mama Funguo alikwama. Akinyamaza, askari wawili wa lori lile watafukuliwa na kutupwa chooni kama wezi, na pamoja nao, nani ajuaye, vipande vya wenzao. Akisema, anamnyang'anya rafiki yake jiwe la miaka arobaini na miwili. Alikasirika na baba yake kwa kiapo kile, akakasirika na Mungu kwa kukaa kimya wakati jina lake linatumika ovyo, kisha akajuta, akaomba msamaha, akakasirika tena.

Jumatano akapiga moyo konde, akamfuata Mwenyekiti ofisini. Hakutaka kumwaibisha mbele za watu. Akafunga mlango, akamweleza yote.

Mwenyekiti alibadilika rangi. Akapangapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Basi tumwachie Yeye," akasema. "Kesho kazi inaendelea."

Alhamisi asubuhi walikuja vibarua watatu na majembe, fundi mwashi, viongozi wa chama waliovaa suti, na watu wa mtaani wasio na shughuli. Mama yake Mwenyekiti naye alikuja, amevaa nguo yake nzuri, maana aliambiwa mumewe anapewa heshima. Kibarua wa kwanza aliinua jembe juu ya namba kumi na mbili. Mama Funguo akaenda akasimama palepale, jembe likabaki hewani.

"Mama, toka," Mwenyekiti akasema.

Mama Funguo alimgeukia yule mjane.

"Dada yangu, nisamehe. Nimekuficha miaka yote hii. Wale sita waliletwa kwenye turubai moja. Hawakutenganika. Baba yangu aliwagawa bila kujua yupi ni yupi. Mumeo hayuko namba kumi na nne peke yake. Jana nilimwambia mwanao."

Mjane hakulia. Alinyoosha kidole kwenye namba kumi na tatu.

"Hapa pia yumo?"

"Huenda."

"Na pale kwenye rangi nyekundu?"

"Na pale, dada. Huenda kote."

"Mama, usimsikilize," Mwenyekiti akadakia. "Hizo ni siasa za wapinzani!"

"Alikwambia jana au hakukwambia?"

"Mama, tunachofanya ni kwa heshima ya baba."

"Nimekuuliza. Alikwambia?"

Mwenyekiti akamtazama fundi mwashi, kana kwamba jibu liko kwenye futi. Bibi yule akatembea polepole mpaka namba kumi na mbili, akaketi juu ya tuta na nguo yake nzuri. Mama Funguo akaenda akaketi kwenye namba kumi na tano. Kibarua akalitua jembe chini, na wenzake wakafanya vivyo hivyo.

"Nimesema chimbeni!" Mwenyekiti akafoka.

"Usiwatume watoto wa watu," mama yake akasema. "Jembe hilo hapo. Njoo umfukue baba yako mwenyewe."