Nyuki Juu ya Pikapu ya Baba

Oili iliyokwisha kazi ina harufu yake, na aliyeinusa utotoni haisahau: ukali wa kitu kilichoungua, joto, na vumbi la safari kwa mbali. Naipata kila nikimwaga oili uani kwangu, hapa Itetemia, Tabora, maana gari langu ni kuukuu na simpi fundi kazi ninayoiweza mwenyewe. Wapita njia wakiona miguu yangu imetokeza chini ya bampa husema, "Mama, utachafuka." Huwajibu kwamba nilishachafuka tangu darasa la nne.

Gari la kwanza kulijua lilikuwa pikapu ya kijani ya baba. Baba alifariki nikiwa mdogo, akatuacha na mama, nyumba na pikapu hiyo. Mama alizaliwa Ipole, binti wa warina asali, na baba alikuwa amemfundisha kuendesha na kulihudumia gari. Kwa hiyo hakulia na njaa. Alikuwa akienda kwao, anarudi na madumu ya asali, anauza mjini Tabora. Tulikula na kusoma kwa gari lile.

Ndiyo maana nilielewa vizuri kabisa tulichokuwa tunanyang'anywa, siku baba mkubwa, kaka yake baba, alipokuja kutangaza kwamba gari la marehemu ni mali ya ukoo na mnunuzi ameshapatikana.

"Shemeji, mwanamke utaliweza wapi gari kuukuu kama hili?" alisema. "Wewe lisafishe tu. Jumapili baada ya ibada nakuja na mtu wangu."

"Sawa, shemeji. Nitalisafisha," mama akajibu.

Niliichukia ile "sawa" yake. Nilimwona mama kama mtu aliyeishiwa nguvu, na jioni ile nilisusa hata ugali, ingawa si kwa muda mrefu.

Jumamosi asubuhi mama alivaa suruali ya baba, akafunga kanga juu yake, akawasha gari lingurume kidogo. Oili ikipata moto, aliniambia, inatoka na uchafu wake wote. Kisha akazima, akaacha moto upungue, akatandika gunia, akaingia uvunguni na spana. Oili ikashuka kwenye karai, nyeusi, nzito, bila haraka. Akabadilisha filta, akakaza nati, akamimina oili mpya, nami nikapewa heshima ya kuchomoa kile kijiti cha kupimia, kukifuta na kusoma. Ilikuwa imefika pale pale inapotakiwa. Hadi leo sijapata cheti kilichonifurahisha kama kile kijiti.

Tukaingia kwenye usafi. Tulikung'uta mazulia, tukafuta dashibodi kwa kitambaa chenye unyevu, tukasugua rimu kwa jivu. Mwisho mama akaleta masega aliyotoka nayo Ipole, akayayeyusha kwenye sufuria pamoja na mafuta ya alizeti, akasema hiyo ndiyo polishi. Tulipaka boneti, milango, hata vitasa. Ilinata vidoleni, nami nikawa nalamba kila mama alipogeuka. Tulipomaliza niliyaona meno yangu kwenye mlango.

Siku zile zilikuwa za kiangazi kikali, miti ya miombo imekauka, porini hakuna hata ua moja. Jumapili tulipotoka kanisani tulisikia mvumo tukiwa bado njiani. Nyuki walikuwa wamelifunika gari, wamejaa kwenye boneti na vitasa, na wengine walikuwa bado wanakuja. Mama alituingiza ndani kwa mlango wa nyuma.

Baba mkubwa alifika na mnunuzi aliyevaa suti. Mnunuzi alisimama mbali, akatazama, akauliza gari ni la nani. Alipoambiwa ni la marehemu aliaga pale pale, wala maji hakunywa. Baba mkubwa alivua kofia.

"Mdogo wangu amekataa," alisema polepole.

Mama alikuwa dirishani, ameinamisha kichwa. "Huenda, shemeji."

Tangu siku ile baba mkubwa hakutaja tena kuuza. Ndugu wengine walipoanzisha habari hiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyewanyamazisha. Nyuki walirudi porini jua lilipozama, mama akaliosha gari kwa maji ya moto na sabuni, nami nikaegemeza shavu mlangoni, nikamshukuru baba kwa kuja. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na imani hiyo ilinifariji miaka mingi.

Nilipopata gari langu nilitaka kulipaka nta vilevile. Nilikwenda Ipole, babu akanifundisha: nta inachemshwa na maji mpaka asali yote itoke, kisha inachujwa kwa kitambaa. Nikapaka, gari likang'aa, na nyuki hakuja hata mmoja. Nikabaki nimeshika tambara. Hivi binti wa warina asali anaweza kusahau kuchuja nta? Na nani anaweka oili mpya kwenye gari linaloondoka kesho?

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamuuliza kuhusu ile polishi. Hakuinua macho, aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo.

"Baba yako angekataa," alisema. "Lakini hakuwepo. Nikakataa mimi."

Nilikaa chini kando yake, na shukrani zile nilizokuwa nikimpa baba tangu utotoni, siku hiyo nikampa yeye.