Zamu ya Alhamisi

Nilistaafu kipindi kilekile mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya. Watu wa Babati walikuwa wakipaka nyumba rangi, wakigeuza vyumba vya watoto kuwa vya kupangisha, wakiwakimbilia maofisa waliokuwa wakishuka kutoka Arusha na mafaili na makochi yao. Kila mtu alikuwa amepata shughuli isipokuwa mimi. Nasema hivi bila kujihurumia, au kwa kujihurumia kidogo tu.

Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga maji. Maji ya mji hayakuwahi kututosha, kwa hiyo yaligawanywa kwa zamu: leo Bagara, kesho Bonga, keshokutwa kwingine. Kando ya barabara kulikuwa na mashimo ya zege tuliyoyaita chemba, na ndani ya kila chemba kulikuwa na vali. Ufunguo wa vali ni chuma kirefu kinachofika kiunoni, kina mkono wa kukingama juu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikauingiza, nikazungusha, kisha nikaweka sikio kwenye ule mkono wa chuma. Maji yakipita unayasikia. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Fundi aliyenitangulia alikuwa akifanya hivyo, nami nikafanya hivyo, mpaka nikawa najua kwa sikio bomba lipi limepasuka na lipi limeingia hewa.

Halafu wakaniaga kwa soda na keki, wakanipa blanketi na saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyefikiri kwamba mtu asiye na pa kwenda anahitaji saa.

Miezi ile ya kwanza nilimchosha mke wangu. Nilimfuata jikoni nikamwambia sufuria zipangwe kwa ukubwa. Nilihamisha kuni kutoka upande huu wa ukuta kwenda upande ule, na alipozikosa nikamweleza faida zake. Chai haijapoa, nishauliza mchana tutakula nini. Siku moja aliweka mwiko chini, akaniangalia.

"Baba watoto," akasema, "mimi nimeweza kukaa na wewe miaka yote hii kwa sababu asubuhi ulikuwa unaondoka."

Nilicheka, lakini neno lilinichoma. Hakuna anayekuambia kwamba kukaa kunachosha. Nimechimba mitaro kwenye mvua, nimebeba mabomba begani kupanda mlima, na sijawahi kuchoka vile nilivyochoka nikiwa kwenye kiti nyumbani kwangu nikiangalia kuku wa jirani. Nilichoka kuanzia asubuhi, kabla sijafanya lolote.

Kitu kilichoniokoa kilikuwa benchi. Katikati ya mji kulikuwa na mzee mwenzangu mwenye duka la vitambaa, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja huku zamani na bidhaa kutoka pwani akaoa Kondoa. Nje ya duka lake palikuwa na benchi la mbao. Nilikaa pale siku ya kwanza kufunga kamba ya kiatu, akanipa kahawa. Siku ya pili nikakaa bila kisingizio. Hakuniuliza hata mara moja nimekuja kutaka nini, na kwa mtu aliyestaafu hilo ni jambo kubwa. Tulikuwa tukipiga soga au tukinyamaza. Wateja walikuja wakanisalimia, "Shikamoo mzee," nikaitikia, "Marahaba," na siku ikasogea. Nilijua nikipakosa pale, nimebaki na kuku wa jirani.

Lakini alfajiri duka halikuwa limefunguliwa bado, na mwili wangu haukukubali kwamba saa kumi na moja si yangu tena. Ufunguo wa ofisi nilikuwa nimeurudisha. Nilikuwa na mwingine, niliotengenezewa na mhunzi wakati ule wa ofisi ulipokatika, na huo hakuna aliyeuulizia. Nikaanza kutoka nao alfajiri kama fimbo ya kutembelea. Nilizunguka chemba zangu, nikafunua mfuniko, nikasikiliza, nikafunika, nikarudi nyumbani kunywa chai. Sikugusa chochote. Nilijiambia ni mazoezi ya miguu.

Basi ikafika Alhamisi moja. Kwenye chemba ya njia panda, pale bomba kubwa linapogawanyika kwenda Bagara na kwenda Bonga, niliweka sikio nikasikia maji yanakwenda Bonga. Nikasikiliza tena. Alhamisi ilikuwa zamu ya Bagara. Ilikuwa hivyo tangu nilipoanza kazi. Wanawake wa Bagara walikuwa wakipanga kufua kwa Alhamisi. Nikajua, yule aliyechukua nafasi yangu amekosea. Alikuwa mama wa makamo aliyehamishwa kutoka Katesh, nilikuwa nimemwonyesha kazi kwa wiki mbili tu, na nikamhurumia. Nikafunga Bonga, nikafungua Bagara, nikaweka sikio, nikasikia maji yanageuka.

Sitadanganya: nilifurahi. Nilirudi nyumbani kwetu Bagara nikakuta bomba la uani linatoa maji na mke wangu anajaza mapipa, anashangaa neema hii imetoka wapi. Nilikula mihogo miwili na chai vikombe viwili. Hata jikoni sikuingia.

Nilipofika mjini duka lilikuwa limefungwa. Fundi cherehani wa mlango wa pili akaniambia mama wa yule mwenye duka amefariki jana usiku, na msiba uko kwao Bonga. Yule mama nilimfahamu. Alikuwa ajuza mdogo wa umbo, mkali wa usafi. Ukiingia kwake na kandambili zenye tope alikuwa anakutazama miguu mpaka unarudi kuzipangusa. Nikaazima baiskeli ya fundi nikaenda.

Nilikuta watu wamejaa uani, wanaume upande mmoja kwenye majamvi, wanawake upande wa jikoni. Wanawake walikuwa wamezunguka bomba na ndoo tupu. Mmoja alifungua koki, ikatoa hewa, ikanyamaza. Rafiki yangu aliponiona alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Afadhali umekuja," akasema. "Mama bado hajaoshwa. Maji ya ndani yote tumeyatumia usiku kwa wageni, tukijua leo asubuhi ni zamu yetu. Tulitaka tumzike baada ya adhuhuri. Wewe ni mtu wa maji, hebu tuulizie wenzako, kuna nini leo?"

Nilijua kuna nini leo.

"Ngoja nikaangalie," nikamwambia. Ni maneno mawili tu na hayakuwa uongo, lakini mpaka leo nikiyakumbuka naona haya.

Niliendesha baiskeli kurudi njia panda. Yule mama wa Katesh alikuwa tayari yuko pale, amepiga magoti kwenye chemba, anazungusha vali kwa nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kuna mtu amefunga Bonga," akasema bila kuinua kichwa. "Nilifungua mwenyewe alfajiri. Ofisini wameshanipigia, wanasema nimelala."

Ningeweza kusema pole, nikaondoka. Alikuwa hajui, na hakuna aliyeniona. Nilisimama nikiangalia mgongo wake.

"Ni mimi," nikasema.

Akasimama. Akajipangusa udongo magotini. "Kwa nini, baba?"

"Leo Alhamisi."

"Alhamisi ni Bonga. Ratiba imebadilika wiki hii, kwa ajili ya zile ofisi na nyumba za wageni. Imebandikwa mlangoni pa ofisi."

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nikipita njia nyingine ili nisiuone ule mlango. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Alisema tu nimletee ule ufunguo, kisha akasema maji yatachelewa kufika maana bomba limeshaingia hewa. Hilo nilikuwa nimemfundisha mimi.

Nikarudi Bonga, nikasema maji yanakuja. Sikusema zaidi. Nikachukua madumu mawili nikaingia kwenye msururu wa watu waliokuwa wakienda kuteka kwenye kisima cha jirani, mbali, upande wa chini. Kisima kile maji yake ni ya chumvi na yana rangi. Tulikwenda na kurudi. Kila nilipotua dumu, wanawake walinishukuru, wakisema mzee wa watu anavyojitesa, na kila shukrani ilinizidishia uchungu. Adhuhuri ikapita. Wachimba kaburi wakaleta salamu kwamba wamemaliza na wanasubiri. Yule mama mkali wa usafi akaoshwa kwa maji ya chumvi yenye rangi, wakamzika baada ya alasiri.

Wakati wanaume wanalitoa jeneza, koki ya uani ikakohoa, ikaanza kumwaga. Ilikuwa imeachwa wazi. Maji meupe safi yakatiririka katikati ya miguu ya watu, na kila mtu akawa anaangalia jeneza. Nikatoka kwenye safu nikaenda kuifunga.

Siku ya tatu, watu walipopungua, nilikaa na rafiki yangu kwenye jamvi nikamweleza yote: ufunguo, mazoezi ya miguu, Alhamisi. Sikumtazama usoni. Alikunja kanzu yake vizuri magotini, na nikaona ni muda wa kuondoka.

Ufunguo nilimpa mke wangu aupeleke ofisini. Sikuwa na uso wa kwenda. Aliuviringisha kwenye gunia, akaubeba begani katikati ya mji, na aliporudi akaniambia kila aliyekutana naye alimuuliza anakwenda kuchimba nini.

Duka lilipofunguliwa nilipita. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri. Hakuniambia nisikae. Hakuniambia pia nikae, na kabla ya hapo sikuwahi kuhitaji kuambiwa, kwa hiyo nikaendelea na safari kama mtu mwenye safari. Nilizunguka soko mara mbili, nikarudi nyumbani. Mke wangu alinionea huruma akaniachia nipange sufuria. Sikuwa na hamu nazo. Nililala mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani nikiwa mzima, na nilipoamka nilikuwa nimechoka zaidi. Nilifikiri, hivi ndivyo watu wanavyokufa baada ya kustaafu, na si kwa maradhi.

Wiki moja kabla ya arobaini ya mama yake, rafiki yangu alikuja Bagara kwa miguu. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti wala chai.

"Arobaini ni Jumapili," akasema. "Maji ni juu yako."

Akaondoka. Mke wangu aliyekuwa anachambua mbaazi aliniangalia, nikamwambia nahitaji mapipa yake.

Jumapili haikuwa siku ya maji Bonga, na kwenda kumwomba yule mama wa Katesh sikuthubutu. Nikaazima mkokoteni. Siku ya zamu yetu nilikinga maji nyumbani kwangu na kwa majirani, ndoo kwa ndoo, nikayachuja kwa kitambaa cheupe ingawa yalikuwa safi, kwa siku tatu nikayavuta kwenda Bonga kwa barabara ya Dodoma huku mabasi yakinipigia honi. Mkokoteni una tabia ya kukurudisha nyuma kwenye mwinuko. Nilipumzika kila baada ya hatua hamsini, halafu thelathini. Watu walionijua walijifanya hawanioni, au walinipa pole kwa sauti ya kuuliza kama nimerukwa na akili. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, mimi niliyeshika chuma maisha yangu yote.

Jumapili watu walisoma hitima, wakala pilau, wakanawa, masufuria yakaoshwa, na mapipa mawili yakabaki bila kuguswa. Kina mama walikuwa wakichota bila kupima. Nilikaa kwenye mkokoteni nyuma ya jiko, nikiwaangalia wanavyochota.

Alinifuata kule nyuma wageni walipokuwa wanaaga. Aliketi upande wa pili wa mkokoteni, ukainama kidogo. Nikaona nikisubiri sitasema kamwe.

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Mama alilala pale tangu usiku mpaka mchana hajaoshwa. Yule mama unamjua alivyokuwa. Nikifumba macho ndicho ninachokiona. Nisikudanganye, sijui ni lini."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilishukuru kwamba hakunidanganya.

"Sigino kuna msiba," akaendelea kwa sauti ileile. "Ni Wakristo, ndugu wa fundi cherehani. Huko juu hawana maji tangu juzi. Wameniuliza sisi leo tumeyapata wapi, nimewaambia ni wewe. Wanazika kesho saa nane."

Niliangalia viganja vyangu, nikaangalia mapipa mawili yaliyobaki. Hayakutosha hata nusu ya msiba. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kusimama tu ilibidi nishike gurudumu. Nikasimama, nikamuaga, nikauacha mkokoteni palepale, nikaenda kumtafuta yule mama wa Katesh nyumbani kwake nimuulize kesho ni zamu ya nani.